LANGO LA SHULE SI DAWA



Katika karatasi hii tumezoea kuandika habari za mishahara, ovataimu, nyumba na buti za kazi. Safari hii tunaandika habari za watoto wetu walio katika shule za bweni, na hasa habari za mtoto anayeugua akiwa huko. Wako watakaouliza, "Chama cha wafanyakazi kina kazi gani na mambo ya shule?" Hao tutawajibu mbele. Kwanza sikilizeni jambo lililotokea.

Katika muhula wa pili wa mwaka 2024, kijana wa mwenzetu mmoja wa kazi ya njia, aliye Kidato cha Pili, alipatwa na homa siku ya Jumatatu. Akaenda kwa matroni, akapewa vidonge viwili vya maumivu, akarudishwa darasani. Jumanne akaenda tena, akaambiwa anatega mtihani. Jumatano akatapika mbele ya darasa, akapewa ndoo na kitambaa asafishe mwenyewe. Alhamisi saa kumi za jioni akaandikiwa cheti cha kutoka, akafunguliwa lango, akaambiwa aende kwao. Peke yake. Matatu mbili, na nauli ni ile iliyokuwa mfukoni mwake. Akafika kota za reli saa tatu za usiku akishikilia ukuta. Baba yake alikuwa zamu ya usiku, mbali na nyumbani. Mama yake na jirani walimbeba hospitali. Daktari alisema ni homa ya matumbo, na akauliza mtoto huyu alikuwa wapi siku zote hizo. Alilazwa siku tisa.

Mungu ni mwema, kijana alipona. Lakini habari haikuishia hapo. Aliporudi shuleni alizuiwa langoni kwa sababu hakuwa na barua ya daktari yenye muhuri. Baba akapoteza siku nyingine ya kazi kuitafuta barua. Alipoileta, karani akafungua daftari akasema iko baki ya karo, ilipwe kwanza. Na huku kazini, nyapara amekwisha kumwandikia mwenzetu siku mbili za kukosa, na mshahara ukakatwa. Basi mtu huyu alipigwa na shule, akapigwa na ugonjwa, akapigwa na kazi, katika mwezi mmoja.

Shule hiyo hatuitaji jina, maana shida hii si ya shule moja. Lakini karatasi yake ya kanuni tunayo, ile ambayo kila mzazi hutia saini siku ya kumwandikisha mtoto. Tumeisoma pamoja jioni moja baada ya kazi, kanuni kwa kanuni, na tunataka kusema wazi tuliyoyaona.

Kanuni ya kwanza yasema: "Mwanafunzi akiugua atapewa huduma ya kwanza, na akizidiwa atapelekwa nyumbani." Haya, tuulize. Ni nani anayejua kwamba amezidiwa? Matroni wa shule hii ni mama mwema, lakini hakusomea unesi, na chumba chake cha wagonjwa kina vitanda viwili na hakina kipimajoto. Na nyumbani kuna nini? Nyumba ya mfanyakazi si hospitali. Kituo cha afya kilikuwa kilomita tatu kutoka shule, na nyumbani ni mwendo wa saa tano. Kwa nini mgonjwa apitishwe mbele ya mlango wa daktari aende kumtafuta mama yake?

Tena kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Homa ya matumbo haishuki kutoka mbinguni. Huja kwa maji na chakula kilichochafuliwa na uchafu wa choo. Kama mtoto mmoja ameipata akiwa shuleni, basi wako wengine wanaokunywa maji yale yale. Shule ikimfungulia mmoja lango, imemwondoa shahidi na kuliacha kosa. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyehesabu, hakuna aliyemwita Bwana Afya kuja kupima tangi. Na mtoto mwenyewe amekaa katika matatu mbili pamoja na abiria, akafika katika kota ambako familia nyingi hutumia choo kimoja. Hiyo ndiyo njia ya kuupeleka ugonjwa safari kwa nauli ya mgonjwa.

Nani asiyekumbuka mambo ya Aprili 2023 katika shule ya wasichana ya Mukumu, Kakamega? Mamia ya wanafunzi waliugua, shule ikafungwa, na wanafunzi na mwalimu wakapoteza maisha. Vipimo vya Wizara ya Afya vilionyesha vijidudu vya uchafu na vya homa ya matumbo katika maji na chakula. Taifa zima lililia. Lakini kilio hakisafishi tangi. Tunauliza kila Bodi ya shule: tangu siku ile, maji yenu yamepimwa mara ngapi, na karatasi ya majibu iko wapi? Mwaka 2020 corona ilipokuja shule zilifungwa mwezi Machi, na zilipofunguliwa zote Januari 2021 kila lango lilikuwa na tangi la maji na sabuni. Katika shule hii tunayoisema, tangi lile bado liko. Limekauka, na mbuzi wa mlinzi hufungwa hapo.

Kanuni ya pili: "Mwanafunzi atakayejifanya mgonjwa ataadhibiwa." Hapa tutasema kweli, maana hatupendi uwongo. Wako vijana wanaojifanya wagonjwa siku ya mtihani wa hesabu, kama vile kazini wako wachache wanaoumwa tumbo kila Jumatatu. Hatuwatetei. Lakini kanuni hii haimtishi mwongo peke yake. Humtisha mgonjwa. Mtoto akijua kwamba akisema "naumwa" huenda akachapwa au akakatishwa nyasi, atanyamaza hata aanguke. Na fimbo yenyewe imekatazwa na sheria ya nchi tangu zamani.

Sisi watu wa reli tuna kanuni yetu, na ni kanuni nzuri. Dereva akikuta signali haina taa usiku, hasemi, "Labda taa imezimika tu, njia iko wazi." Huihesabu kuwa ni hatari, husimamisha treni, huuliza. Huenda amepoteza dakika kumi bure. Ni afadhali, kwa kuwa siku moja dakika kumi zile zitaokoa watu mia tano. Basi na mtoto anayesema anaumwa ahesabiwe hivyo hivyo: asimamishwe, apimwe, kisha aruhusiwe kupita. Mvivu mmoja akilala nusu siku bure, shule imepoteza nini? Lakini mgonjwa mmoja akilazimishwa kukaa darasani na homa ya uti wa mgongo, atakayempoteza ni mama yake.

Wazee wetu walilijua neno hili la "kujifanya". Katika siku za ukoloni mfanyakazi Mwafrika aliyesema anaumwa alihesabiwa kuwa mvivu mpaka athibitishe. Wafanyakazi wa bandari na wa reli waliogoma Mombasa mwezi Januari 1947 walidai mishahara na nyumba, lakini chini ya yote walidai wahesabiwe kuwa watu. Je, tumeitoa kamba hiyo shingoni mwetu ili tuifunge shingoni mwa watoto wetu?

Kanuni ya tatu: "Dawa zote zikabidhiwe ofisini." Sababu yake tunaielewa. Vidonge vikiachwa bwenini watoto watagawiana, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Lakini neno "zote" limeandikwa bila kufikiri. Yuko binti wa mwenzetu wa karakana mwenye ugonjwa wa pumu. Kile kifaa chake cha kuvuta dawa kiliwekwa kabatini ofisini, na siku ya Jumapili mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kwao. Pumzi zikambana usiku. Wenzake walivunja dirisha la ofisi kukitoa kifaa, wakamwokoa, na siku ya Jumatatu wakaadhibiwa kwa kuvunja dirisha. Ndugu, tunasema watoto wale walistahili zawadi. Mwenye pumu hukaa na dawa yake mfukoni, na daktari yeyote atawaambia hivyo. Mwenye ugonjwa wa sukari hawezi kungoja ofisi ifunguliwe. Mwenye selimundu, ugonjwa wa damu unaojulikana sana kwa ndugu zetu wa Magharibi na wa Pwani, akilazimishwa kuoga maji ya barafu alfajiri na kukimbia bila kunywa maji, huamshiwa maumivu yasiyo na mfano, na kisha huitwa mvivu. Mwenye kifafa akianguka, wenzake humtia kijiko kinywani, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kumlaza ubavu, kuondoa vitu vya hatari karibu naye na kutomtia kitu chochote kinywani. Fundisho hili ni la dakika tano. Halihitaji fedha za Serikali wala mradi wa wafadhili.

Kanuni ya nne: "Gharama zote za matibabu ni juu ya mzazi." Sasa tuzungumze fedha, maana ndipo penye mzizi. Kila mwaka katika hati ya malipo upo mstari unaosema "matibabu". Tunaulipa. Tulipouliza katika mkutano wa wazazi fedha hizo hununua nini, tulijibiwa kwamba ni za sanduku la dawa. Sanduku lenyewe tumeliona. Lina bandeji, dawa ya vidonda na vile vidonge vya maumivu. Wanafunzi mia sita wanalipa, na sanduku ni moja. Hatumwiti mtu mwizi. Tunataka hesabu iandikwe na kubandikwa ukutani, kama chama hiki kinavyoandika hesabu za ada zenu.

Kulikuwa na mpango wa bima wa wanafunzi wa sekondari za serikali, ulioitwa EduAfya, ulioanzishwa mwaka 2018. Serikali ililipa, na mtoto alitibiwa bila kumngoja mzazi. Ulikuwa na kasoro zake, na wazazi wengi hata hawakuambiwa kwamba upo. Lakini mkataba wake ulipokwisha mwishoni mwa 2023 mtoto alirudishwa mgongoni mwa mzazi. Kisha Oktoba 2024 ikaja bima mpya ya SHA mahali pa NHIF, na sisi wa mshahara tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, wala hakuna kikomo kama kile cha zamani cha Sh. 1,700. Hatukatai kuchangia. Lakini kama tunakatwa kila mwezi, na mtoto ameandikwa chini ya jina la mzazi, basi shule ina udhuru gani? Iandike namba ya bima ya kila mzazi katika daftari, ijue kituo kilicho karibu kinachopokea bima hiyo, impeleke mtoto, impigie mzazi simu. Hiyo ni kazi ya karani mmoja kwa wiki moja.

Na mahali ambapo fedha haziko kabisa, Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kusema. Kifungu cha 43 chasema kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Kifungu cha 53 chasema kwamba kila mtoto ana haki ya matunzo ya afya, na kwamba faida ya mtoto itangulie katika kila jambo linalomhusu. Hakikusema "isipokuwa mwenye baki ya karo". Karo ni deni la baba. Mtoto hakukopa, na homa yake haiwezi kuwekwa rehani.

Bwana Hedimasta wa shule hii ametupa majibu mawili, na ni haki tuyajibu. La kwanza alisema, "Shule si hospitali." Ni kweli. Hata stesheni si hospitali. Lakini abiria akianguka jukwaani stesheni masta hamwambii apande treni ya kurudi kwao. La pili alisema, "Wazazi mlitia saini." Ni kweli pia, tulitia saini. Tulitia saini siku ya kwanza, sanduku la mtoto likiwa kichwani, foleni iko nyuma, na nafasi yenyewe tumeitafuta miezi mitatu. Saini ya namna hiyo tunaijua sana sisi wafanyakazi. Ndiyo saini ya mtu asiye na njia nyingine. Chama kiliundwa kwa sababu ya saini kama hizo.

Sasa tugeuke tujitazame wenyewe, maana mwenye kidole kimoja mbele ana vitatu vinavyomrudia. Wako kati yetu wanaoficha ugonjwa wa mtoto kwa kuogopa kwamba atanyimwa nafasi. Kifafa wanakiita kizunguzungu, selimundu wanaiita baridi yabisi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wako wanaompeleka mtoto shuleni siku ya kufungua akiwa na upele au kuhara, wakisema matroni atajua la kufanya, na wiki ya pili bweni zima linajikuna. Wako wanaoacha namba ya simu isiyopatikana. Na wako wengi, tunawajua na tumo ndani yao, ambao hawajaingia mkutano wa wazazi tangu mtoto aanze, wakisema hiyo ni kazi ya mama. Bodi hufanya ipendavyo kwa sababu viti vyetu ni vitupu. Asiyekuwapo na lake halipo.

Tumefika kwa yule aliyeuliza chama kina kazi gani na jambo hili. Ndugu yetu, fikiri hivi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Siku hizo ni za mwili wake mwenyewe. Sheria hiyo haikumwandikia hata siku moja ya kumwuguza mtoto wake. Kwa hiyo kila mara shule inapomsukuma mgonjwa nje ya lango, inausukuma mzigo wake katika mshahara wetu. Mama wa ofisini huchukua siku za likizo yake. Mtu wa njia huandikwa mtoro. Fundi wa zamu ya usiku huenda kazini akiwa hajalala, na fundi asiyelala ni hatari kwa treni nzima. Hilo si jambo la kazi? Kama si la kazi, basi hatujui la kazi ni lipi.

Basi haya ndiyo tunayoyataka.

Kwa shule: Kwanza, mtoto anayesema anaumwa apimwe homa siku hiyo hiyo na iandikwe daftarini, siku, saa na dawa aliyopewa. Pili, homa isiyoshuka kwa siku moja, kutapika, kuhara, kupumua kwa shida au shingo kukaza, mtoto apelekwe kituo cha afya cha karibu, na mzazi apigiwe simu wakati gari linaondoka, si baada ya siku nne. Tatu, mgonjwa yeyote asitolewe langoni peke yake. Akabidhiwe mzazi au mtu mzima anayejulikana, kwa saini. Nne, dawa za pumu na za namna hiyo zikae na mwenyewe, na ufunguo wa zile nyingine uwe na mtu wa zamu, usiku na Jumapili. Tano, wakiugua watatu kwa dalili moja, Bwana Afya aitwe na maji yapimwe. Sita, kitanda na kitanda viachane mita 1.2 kama kitabu cha usalama wa shule cha mwaka 2008 kinavyoagiza. Saba, hesabu ya fedha za matibabu ibandikwe ukutani kila muhula. Nane, barua ya daktari iulizwe kwa ugonjwa wa kuambukiza, wala isichanganywe na daftari la karo.

Kwa mwajiri: katika mapatano yajayo ziandikwe siku za kumwuguza mtoto, zenye malipo, kwa baba na kwa mama. Tumewaomba viongozi wetu waliweke jambo hili mezani, nao wasilitoe kwa kubadilishana na sabuni.

Kwa sisi wenyewe: kila mzazi aandike ugonjwa wa mtoto wake kwa kweli, aache namba mbili za simu, na aende mkutanoni.

Ndugu, wengi wetu tulisomea shule za misheni, na tulifundishwa habari za Msamaria aliyemkuta mtu barabarani. Kuhani alipita, Mlawi akapita, na bila shaka kila mmoja alikuwa na kanuni yake iliyoandikwa vizuri. Msamaria hakuuliza baki ya karo. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa, akasema akirudi atalipa zaidi. Shule nyingi zetu zina picha hiyo ukutani. Tunaomba waishushe waisome.

Mkutano wa wazazi wa shule hii utakuwa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Tutakwenda pamoja, wa karakana, wa njia, wa stesheni na wa ofisi, tukiwa na karatasi hii mkononi na adabu kinywani. Hatuendi kugombana na walimu, maana wao nao ni wafanyakazi kama sisi, na watoto wao huugua vile vile. Tunakwenda kuibadilisha karatasi ile ya kanuni, mstari kwa mstari, mpaka iwe karatasi ambayo mzazi anaweza kuitia saini macho yakiwa wazi.

Ambaye zamu yake itamzuia amwambie mwenzake amshikie nafasi. Tumewahi kushikiana nafasi kwa mambo madogo kuliko hili.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa reli.